Uzi: Tommy Douglas wa Saskatchewan – wakulima waliofilisika walijengaje bima ya afya?

Kabrasha (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila bima ya afya ikijadiliwa humu lazima mtu atupie jina la Canada. Akibanwa aeleze ilianzaje, anajibu "Tommy Douglas" halafu haonekani tena. Uzi huu ni wa kumshusha huyo mzee kwenye bango tumweke mezani. Alitoka wapi, fedha alizitoa mfuko gani, wapi alikwama. Sifa zake tunazijua, leteni hesabu.

Kwanza tuelewane maneno. Humu ndani "mkoa" ni zile sehemu kubwa kumi zinazounda Canada, kila moja ikiwa na bunge lake na waziri mkuu wake. "Jimbo" ni jimbo la uchaguzi. "Ottawa" ni serikali kuu. Kwa katiba yao hospitali, shule na barabara za vijijini ni mali ya mkoa. Benki, sarafu na riba ni za Ottawa. Hilo la riba likumbukeni, linarudi mbele.

Douglas kazaliwa Falkirk, Scotland, 20 Oktoba 1904. Amekuwa waziri mkuu wa Saskatchewan kuanzia 10 Julai 1944 hadi 7 Novemba 1961, miaka 17, muda wote akiwa mbunge wa Weyburn, mji mdogo wa ngano kusini mwa mkoa. Amefariki Ottawa 24 Februari 1986. Karibuni.

Nyanda

Mkuu, anza na ardhi, la sivyo watu hawataelewa kwa nini ni Saskatchewan na si Ontario yenye pesa.

Mkoa una kilomita za mraba kama 651,000, yaani takriban theluthi mbili ya Tanzania nzima. Sensa ya 1931 ilihesabu watu 921,785, na wengi wao waliishi mashambani. Kusini yote ilipimwa kwa kamba: "seksheni" moja ni maili moja kwa maili moja, eka 640. Robo yake, eka 160, ndiyo familia ilipewa kuanzia maisha. Halmashauri ya kijijini kwa kawaida ilikuwa mraba wa maili 18 kwa 18. Humo kuna familia zilizotawanyika, barabara za udongo, na baridi inayofunga kila kitu miezi mitano.

Daktari wa kujitegemea anaishi kwa wagonjwa wanaolipa. Kwenye mraba ule wagonjwa ni wachache, na wanalipa ngano ikiuzwa tu. Desemba 1932 bei ya ngano pale soko la Winnipeg ilianguka chini ya senti 40 kwa busheli (kipimo cha nafaka, kama kilo 27 za ngano). Halafu ukame ukaingia. Mwaka 1937 mkoa mzima ulivuna wastani usiofika busheli 3 kwa eka, wakati mwaka wa kawaida ni kama 15. Hapo hata mbegu ya kurudishia hupati. Weyburn ilikuwa katikati ya eneo lililoungua zaidi.

Mpigakura

Na yeye alifikaje huko? Nimesoma mahali alikuwa bondia, pengine mchungaji, pengine mchapaji. Ipi kweli?

Kabrasha

Zote, dada.

Familia ilihamia Winnipeg akiwa mtoto. Alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa goti, na wazazi hawakuwa na pesa za daktari bingwa, kwa hiyo mguu ulikuwa ukatwe. Bingwa mmoja akajitolea kumpasua bure kwa sharti wanafunzi wake watazame. Mguu ukapona. Hadithi hii aliisimulia maisha yake yote, na uzito wake uko kwenye lile sharti: mguu uliokolewa kwa bahati ya kuwa mgonjwa mwenye kufundishia.

Juni 1919, kwenye mgomo mkuu wa Winnipeg, alikuwa juu ya paa akiona polisi wanawafyatulia waandamanaji risasi. Akajifunza kazi ya kupanga herufi kiwandani. Akapigana ngumi, akachukua ubingwa wa uzito mwepesi wa Manitoba 1922 na 1923. Akasoma Brandon College, na 1930 akaitwa kanisa la Kibatisti la Calvary pale Weyburn, mwaka uleule aliomwoa Irma Dempsey.

Septemba 1931 wachimba makaa ya mawe wa Estevan, mwendo wa kilomita 80 hivi kutoka Weyburn, waliandamana na watatu wakauawa kwa risasi. Yeye alikuwa anawapelekea chakula. Baada ya hapo mimbari pekee haikumtosha.

Nyanda

Ongezea kwamba siasa ilianza kwa kipigo. Uchaguzi wa mkoa wa 1934 alishika nafasi ya tatu hapo hapo Weyburn. 1935 akagombea ubunge wa Ottawa, akashinda kwa tofauti ya kura 301, na ushindi huo nusura umfukuzishe chamani, maana alipokea kuungwa mkono na watu wa Social Credit, chama pinzani. Wakubwa wa CCF walitaka kumvua.

CCF ndicho chama chake: shirikisho la wakulima, vyama vya wafanyakazi na wasomi wa mrengo wa kushoto, lililoundwa Calgary 1932 na kutoa ilani yake Regina 1933.

Kisomo

Samahani kuingilia. Wakulima wenye mashamba yao wanachaguaje wajamaa? Kwetu huku mkulima akisikia "ujamaa" anakumbuka kuhamishwa.

Nyanda

Swali zuri, na CCF nao lilikaribia kuwamaliza. Miaka ya mwanzo 1930 walizungumzia "ardhi kukodishwa na serikali kwa aliyeitumia". Wapinzani wakaligeuza kuwa "watakunyang'anya shamba", na mkulima aliyekuwa tayari anaandamwa na kampuni ya mikopo akaogopa. Sera ikatupwa. Kufikia 1944 ahadi ilikuwa imegeuka kichwa chini: *tutalinda shamba lako lisichukuliwe.*

Kingine ni kwamba watu hawa walikwisha kuzoea kufanya mambo kwa pamoja. Wheat Pool, ushirika wao wa kuuza ngano, ulianza 1924 na ulikuwa na wajumbe wa kuchaguliwa kila eneo. Kulikuwa na simu za ushirika, maduka ya ushirika, maghala ya ushirika. Mjumbe wa ngano ndiye huyohuyo diwani, ndiye huyohuyo mwenyekiti wa shule, ndiye huyohuyo katibu wa tawi la CCF. Douglas hakulazimika kuunda mtandao, aliukuta. Alichoongeza ni ulimi, na ucheshi ambao mpinzani hajui aushike wapi.

15 Juni 1944: viti 47 kati ya 52. Serikali ya kwanza ya kijamaa Amerika Kaskazini.

Bi Hesabu

Sasa tuingie kazini. Naanza na bima ya hospitali kwa sababu ndiyo watu wanairuka. Wengi wanadhani Douglas alianza na madaktari. Hapana. Alianza na vitanda, na miaka 15 ikapita kabla hajagusa malipo ya daktari.

Alipounda baraza la mawaziri alijipa mwenyewe wizara ya afya, akakaa nayo hadi 1949. Vuli ya 1944 akamwita Henry Sigerist, profesa wa historia ya tiba kutoka Johns Hopkins, azunguke mkoa na kutoa mapendekezo, na ripoti ikatoka ndani ya wiki chache. Baadaye Frederick Mott, daktari Mmarekani aliyejua afya ya vijijini, akaongoza tume ya mipango.

Bima ya hospitali ilianza 1 Januari 1947:

– Kila mkazi anasajiliwa. Si hiari. Ukiacha hiari, wazima wanabaki nje, wagonjwa wanaingia, mfuko unakauka.

– Mchango ni dola 5 kwa mtu kwa mwaka, kikomo dola 30 kwa familia. Kikomo ni muhimu kuliko kiwango chenyewe. Familia ya watoto tisa mashambani haikuwa ajabu.

– Anayekusanya ni halmashauri ya mtaa, yaani ofisi ileile mkulima anakolipia kodi ya ardhi. Hakuna kujenga mtandao mpya wa ofisi, na karani pale anajua nani kahama, nani kazaa.

– Mgonjwa anaonyesha kadi, hospitali inalipwa na mkoa. Wodi ya kawaida, chumba cha upasuaji, maabara, eksirei, bila kikomo cha siku mradi daktari anaona inahitajika.

Ugumu ulikuja mara tatu. Kwanza, vitanda. Ukiondoa bei mlangoni, watu waliokuwa wanavumilia ngiri miaka kumi wanakuja wote mwaka mmoja. Serikali ililiona mapema na ikawa tayari inatoa ruzuku za ujenzi kwa hospitali za wilaya. Hata hivyo msongamano ulikuwepo. Pili, namna ya kulipa hospitali. Walijaribu mfumo wa pointi kwa huduma, ukawa mgumu kuusimamia, wakahamia kwenye viwango vinavyotokana na bajeti ya kila hospitali. Tatu, dola 5 hazikutosha na hazikuwahi kutosha. Mwaka 1950 kodi ya mauzo ilipandishwa kutoka asilimia 2 hadi 3, na nyongeza hiyo ikatajwa wazi kuwa ya hospitali, hadi jina la kodi likabadilishwa. Mwananchi dukani anajua senti yake inaenda wapi.

Miaka kumi mkoa ulibeba mzigo huo bila Ottawa kuchangia gharama za mpango. Sheria ya Ottawa ya kugawana gharama za hospitali ilipita 1957 na malipo yakaanza 1 Julai 1958. Hapo ndipo fedha ikapatikana ya kufikiria madaktari.

Mpigakura

Swift Current je? Nilijua ndiko kulikoanza.

Bi Hesabu

Uko sahihi, na inampunguzia Douglas sifa kidogo, jambo jema. Kanda ya afya ya Swift Current, kusini-magharibi, ilianza mpango kamili wa daktari na hospitali 1 Julai 1946, miezi sita kabla ya bima ya hospitali ya mkoa. Wananchi wenyewe walipiga kura ya kuuanzisha na kuulipia kwa mchango wa mtu na kodi ya ardhi. Serikali ilitoa sheria na msaada.

Na kabla yake kulikuwa na "daktari wa halmashauri". Halmashauri ya Sarnia, karibu na Holdfast, ilianza kumlipa daktari ruzuku wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili asihame. Wakaja wengine, sheria ikabadilishwa kuwaruhusu, na sheria nyingine ya 1916 ikaruhusu halmashauri jirani kuungana kujenga hospitali moja. Huo ndio msingi. Douglas aliezeka.

Mzee wa Rehani

Naona mnakimbilia hospitali. Kwa mkulima wa 1944 suala la kwanza halikuwa hospitali, lilikuwa rehani. Na hapa ndipo Kabrasha aliposema tukumbuke riba.

Sheria ya Usalama wa Mashamba ya 1944 ilikuwa na meno mawili. La kwanza lilizuia mkopeshaji kuchukua robo yenye nyumba ya mkulima. La pili lilikuwa la werevu mno: mwaka ambao mavuno yameshindwa, maana yake shamba limeingiza chini ya dola 6 kwa eka, mkulima halipi deni la msingi mwaka huo, na deni lenyewe linapunguzwa kwa asilimia 4 au zaidi kulingana na riba yake. Riba inaendelea kudaiwa kama vile deni halikupungua.

Piga hesabu. Deni dola 2,000 kwa riba ya asilimia 4. Mwaka wa ukame riba ni dola 80, na deni linapungua dola 80. Kwa lugha ya kawaida riba imefutwa, ila sheria imeandikwa isionekane hivyo, maana riba ni ya Ottawa.

Mahakama haikudanganyika. Mahakama Kuu ya Canada ilikibatilisha kifungu hicho 1947, na Baraza la Faragha la London, mahakama yao ya mwisho ya rufaa wakati ule, likathibitisha. Wanasheria wa katiba bado wanaisoma kesi hii kama mfano wa mkoa kupitia dirishani baada ya kufungiwa mlango. Ulinzi wa robo ya nyumbani ulibaki.

Kisomo

Dah, kumbe. Na yale mashirika ya umma? Wapinzani wake wanasema yote yalikufa.

Mzee wa Rehani

Si yote. Tuyatenge.

Yaliyokufa ni yale ya viwanda vya bidhaa: kiwanda cha viatu na ngozi, kiwanda cha sufu Moose Jaw, kiwanda cha masanduku Prince Albert. Sababu si siri. Soko la ndani ni watu laki nane na ushee, viwanda vya mashariki vinazalisha kwa wingi na vina mawakala kila duka, na serikali haina uzoefu wa kujua kiatu gani kitapendwa msimu ujao. Walifikiri kwa kuwa ngozi na sufu vipo mkoani, basi kiwanda kitalipa. Malighafi kuwa karibu si soko. Wakavifunga, na wapinzani wakavitumia viatu vile kampeni baada ya kampeni.

Yaliyoishi ni huduma ambazo kila mtu anazihitaji na kampuni binafsi zilikuwa zinazikwepa vijijini: umeme, simu, mabasi, bima. Bima ya magari ya lazima, sheria ya 1946, unaichukua pamoja na namba za gari, na majeruhi analipwa bila kwanza kubishania mahakamani nani mwenye kosa. Ambulensi ya ndege nayo ilianza 1946 kwa ndege ya Norseman, inayoweza kuvaa skii na kutua kwenye theluji ya shamba.

Kuna mdahalo maarufu, 20 Mei 1957, katika kijiji cha Mossbank. Douglas dhidi ya Ross Thatcher, ambaye alikuwa mbunge wa CCF akahama, wakibishana juu ya mashirika haya tu, moja baada ya jingine, faida na hasara. Fikirini, watu wanasafiri hadi ukumbi wa kijiji kusikiliza mizania ya kiwanda cha viatu! Wachambuzi wengi waliuona sare, na kwa Thatcher sare ilikuwa ushindi.

Fundi Nguzo

Umeme nao una somo. Sheria ya umeme vijijini ni ya 1949. Kabla ya hapo mashamba yenye umeme wa gridi yalikuwa kama moja kwa mia. Tatizo la nyanda zile ni umbali kati ya nyumba na nyumba: unavuta waya maili nzima kwa mteja mmoja.

Njia yao ilikuwa hivi. Shirika la umeme linachora eneo. Wakulima wa eneo wanajiandikisha wenyewe, jirani anamhimiza jirani, kwa sababu waandikishwaji wasipotosha eneo linasogezwa nyuma ya foleni. Kila mmoja anachangia gharama ya kuunganishwa, na kuvuta nyaya ndani ya nyumba na zizi ni juu yake. Mwenye kusita anabanwa na majirani zake, si na serikali. Ndani ya miaka kumi hivi makumi ya maelfu ya mashamba yakawa na taa.

Barabara ni mpango wa nusu ya pili ya miaka ya 1950: mtandao wa maili kama 12,000 za changarawe, mkoa ukichangia na halmashauri zikijenga. Bila hizo, mwenye kadi ya hospitali angebaki matopeni.

Kabrasha

Na fedha za yote haya zilishikwa na mtu anayesahaulika: Clarence Fines, mweka hazina. Miaka 16, bajeti 16, zote na ziada. Yeye na Douglas walikubaliana mapema kwamba mjamaa mwenye deni benki hana uhuru, benki ndiyo itakayoamua sera. Ndiyo maana ahadi ya bima ya madaktari ilisubiri. Waliunda pia ofisi ya bajeti na bodi ya mipango chini ya George Cadbury (ndiyo, ukoo wa chokoleti), wakaajiri vijana kama Al Johnson na Thomas Shoyama. Shoyama alikuwa Mkanada mwenye asili ya Japani, kutoka jamii iliyohamishwa kwa nguvu wakati wa vita. Baadaye akawa naibu waziri wa fedha Ottawa.

Bi Hesabu

Sawa, madaktari. Nitakuwa mrefu.

Desemba 1959 Douglas alitangaza redioni misingi mitano: kulipa kabla ya kuugua, kila mtu aingie, ubora, usimamizi wa chombo cha umma kinachowajibika kwa bunge, na mpango unaokubalika kwa watoa huduma na wapokeaji. Huo wa tano ulikuwa mtego aliojitegea. Chuo cha madaktari (si shule, ni chombo chao cha kusimamia taaluma) kilisoma "unaokubalika" kama haki ya kukataa.

Uchaguzi wa 8 Juni 1960 ukawa kura ya maoni juu ya jambo hili. Chuo kilitoza kila daktari dola 100 za kampeni, zikasambazwa karatasi za kutisha, nyingine zikidai madaktari wa mkoa wataondoka na nafasi zao kujazwa na takataka za Ulaya. Katika mkoa uliojaa watoto wa wahamiaji kutoka Ukraine na Ujerumani, hilo lilikuwa kosa la hesabu. CCF ilipata viti 37. Lakini tazameni asilimia: kama 41 tu ya kura. Wapinzani waligawana zilizobaki. Kwa hiyo kila upande ulidai wananchi wako nao.

Sheria ilipita Novemba 1961. Ilitakiwa ianze 1 Aprili 1962, ikasogezwa hadi 1 Julai. Fedha: mchango wa dola 12 kwa mtu na 24 kwa familia kwa mwaka, kodi ya mauzo kutoka asilimia 3 hadi 5, na nyongeza kwenye kodi ya mapato. Ona tena ni mchanganyiko, na mchango ni sehemu ndogo.

1 Julai madaktari wengi wa mkoa wakafunga ofisi, wakaacha huduma ya dharura katika hospitali chache. Siku 23.

Mpigakura

Na Douglas akawashinda.

Bi Hesabu

Hapana! Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Douglas hakuwepo. 3 Agosti 1961 alichaguliwa kiongozi wa chama kipya cha taifa, NDP, na Novemba akajiuzulu mkoani. Aliyekaa kwenye kiti wakati wa mgomo ni Woodrow Lloyd, mwalimu wa zamani, waziri wa elimu kuanzia 1944 hadi 1960, aliyeunganisha zile wilaya ndogo za shule zaidi ya 5,000 ziwe vitengo vikubwa. Mtu mkimya, hana utani wa Douglas. Ndiye aliyekaa ofisini huku watu wakimpigia kelele nje.

Mgomo ulivyoisha ni hivi. Serikali ilileta madaktari kutoka Uingereza. Wananchi, wengi wao wa ushirika, wakaanzisha kliniki zao wenyewe. Ya Saskatoon ilifunguliwa 3 Julai na ingalipo. 11 Julai wapinzani wakaitisha maandamano makubwa Regina. Walitarajiwa makumi ya maelfu, zikafika elfu chache. Kisha Lord Taylor, daktari na mwanasiasa Mwingereza aliyeshiriki kuanzisha huduma ya afya ya kwao, akawa anakwenda na kurudi kati ya pande mbili, maana hazikukaa chumba kimoja.

Mkataba wa Saskatoon, 23 Julai 1962, ulimpa daktari njia za kuchagua: aidai tume ya umma inayoendesha bima moja kwa moja na kukubali asilimia 85 ya bei ya chuo kama malipo kamili, apitishie madai kwenye shirika la bima la madaktari lililokuwepo, ambalo sasa likawa tarishi tu, au amtoze mgonjwa, naye mgonjwa adai marejesho. Mshahara wa serikali haukulazimishwa kwa yeyote.

Hapo ndipo pana gharama ambayo Canada inailipa hadi leo. Ili kumaliza mgomo, malipo kwa kila huduma yakasimikwa. Daktari analipwa kwa idadi ya wagonjwa aliowaona, na ndoto ya Sigerist ya vituo vya afya vyenye timu ikawekwa pembeni. Kliniki za ushirika zilibaki chache. Kwa maoni yangu hili ni kubwa kuliko hadithi ya nani alishinda mgomo.

Kisomo

Naomba na upande wa giza. Hakuna mtu wa hivi.

Kabrasha

Upo. Tasnifu yake ya uzamili McMaster, 1933, ilichunguza familia maskini za Weyburn na kupendekeza, miongoni mwa mengine, kuwafunga uzazi watu walioitwa "wenye akili pungufu". Ni yujeniki ya wakati ule, yaani fikra ya kuboresha kizazi kwa kuchagua nani azae, na mikoa ya magharibi ya Alberta na British Columbia ilikuwa na sheria za namna hiyo. Kinachomtofautisha ni kwamba alipokuwa waziri wa afya, na mapendekezo hayo yakaletwa mezani, aliyakataa. Tasnifu hakuizungumzia tena hadharani. Wanaomtukuza wanairuka, wanaomchukia wanaisoma hiyo tu.

Pili, watu wa asili wa mkoa. Wale wenye hadhi ya kisheria ya "Indian" walipata kura ya mkoa 1960, mwaka wa 16 wa serikali yake. Sheria ya haki ya 1947, ya kwanza ya aina yake Canada, haikuwapa kura hiyo.

Nyanda

Na siasa za taifa hazikumbeba. 18 Juni 1962, wiki mbili kabla ya mgomo, aligombea Regina akaangushwa, hasira za bima zikiwa juu. Ikabidi atafutiwe kiti Burnaby, pwani ya magharibi. 1968 akakipoteza kingine kwa kura 138. 1969 akapata Nanaimo na visiwa vyake, akakaa hadi 1979. Kiongozi wa NDP hadi 1971, bila kuvuka nafasi ya chama kidogo. Oktoba 1970 alisimama kuipinga Sheria ya Hatua za Vita, ile ya dharura inayoruhusu kukamata watu bila mashtaka, wakati karibu nchi nzima inaishangilia. Heshima ya msimamo huo ilimjia baadaye.

Bima yenyewe ilienezwa na wengine. Jaji Emmett Hall, mtu wa Saskatchewan aliyeteuliwa na Diefenbaker, waziri mkuu wa taifa wa chama cha Conservative, aliripoti 1964 akipendekeza mfano huo kwa nchi nzima. Serikali ya Liberal ya Pearson ikatunga sheria 1966, fedha zikaanza 1 Julai 1968, mikoa yote ikawa ndani kufikia 1972.

Mpigakura

Na mkoani kwake, baada ya CCF kutoka 1964, Thatcher aliifuta?

Bi Hesabu

Hakuthubutu. Alichofanya 1968 ni kuweka ada ya kuzuia matumizi: dola 1.50 ukienda kwa daktari, dola 2 akija nyumbani, dola 2.50 kwa siku hospitalini kwa mwezi wa kwanza. Zikakatisha tamaa wazee na familia zenye watoto wengi kuliko mtu mwingine yeyote, na mwaka 1971 Allan Blakeney, aliyekuwa waziri wa afya baada ya ule mgogoro wa 1962, alishinda uchaguzi na kuzifuta. Ile michango ya mwaka nayo akaiondoa 1974. Tangu hapo mkazi wa Saskatchewan hulipia kupitia kodi.

Kabrasha

Bi Hesabu asante. Mwenye jedwali la makusanyo ya halmashauri 1947 hadi 1950 alibandike hapa tulinganishe na gharama za vitanda.